Tarehe ya Sindano Ikipita: Itigi na Mimba Zisizotarajiwa

Itigi imekaa kwenye reli ya kati, baina ya Dodoma na Tabora. Abiria wa treni waliizoea kama stesheni, warina asali wanaijua kwa vichaka vyake vizito, na wagonjwa wa kanda ya kati wanaijua kwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Si miaka mingi tangu ilipomegwa kutoka Manyoni ikawa halmashauri inayojitegemea, yenye eneo pana linaloshuka kusini hadi Rungwa.

Nimeichagua Itigi kwa sababu ya majirani zake. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Katavi iliongoza kwa asilimia 45, ikafuatwa na Tabora kwa 43 na Dodoma kwa 39. Tabora inapakana na halmashauri hii upande wa magharibi, na Dodoma ni mwendo wa saa chache tu upande wa mashariki. Utafiti wa 2022 ulikuta wastani wa taifa umeshuka hadi asilimia 22, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini bado kati ya wasichana watano mmoja ameingia kwenye uzazi kabla ya kutimiza miaka 20, na baadhi yao hawakuwa wamepanga.

Wala si wasichana peke yao. Makadirio ya kitafiti ya mwaka 2013 yalionyesha mimba zisizotarajiwa zipatazo milioni moja nchini kwa mwaka huo mmoja, na kwamba takribani asilimia 39 ya mimba hizo ziliishia kwenye kutolewa. Sheria yetu inaruhusu mimba kutolewa tu pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini, kwa hiyo sehemu kubwa ilitolewa kwa siri: kwa dawa zilizonunuliwa kwa kunong'ona, kwa mizizi, kwa mikono ya watu wasio na ujuzi. Waliomo katika hesabu hiyo ni pamoja na mama wa watoto watano aliyedhani amemaliza, mke ambaye mtoto wake wa miezi saba bado ananyonya, na mwanafunzi wa kidato cha pili. Ukiwauliza mmoja mmoja, utakuta wengi walikuwa wameshasikia habari za uzazi wa mpango. Baadhi waliwahi kutumia njia fulani. Hapo ndipo pana swali la makala hii: kwa nini mtu anayejua, na asiyetaka mimba, bado anapata mimba?

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya zahanati, jamii zetu zilikuwa na utaratibu wake wa kupanga uzazi. Mama anayenyonyesha hakutakiwa kukutana na mumewe mpaka mtoto asimame. Mtoto akikonda na kuharisha, wazee walitikisa vichwa na kusema wazazi wamembemenda. Wengine walivaa pigi, aina ya hirizi, kiunoni. Pigi haizuii mimba, lakini mwiko wa kubemenda uliacha nafasi ya miaka miwili au zaidi kati ya mtoto na mtoto, na ukoo mzima ulisimama nyuma yake: bibi alimchukua mama kwake, na kwenye nyumba za mitala mume alihamia kwa mke mwingine. Mwiko huo ulipolegea, kwa kuhama kutafuta mashamba na kazi, na kwa wenzi kuishi mbali na wazazi, nafasi ile ilibaki bila mlinzi. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi husikia uzazi wa mpango ukisemwa kuwa ni jambo la kuletwa. Zilizoletwa ni dawa na vifaa. Haja ya kupumzika baina ya uzazi na uzazi tulikuwa nayo siku zote.

Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, kilianza mwaka 1959, kabla hata ya Uhuru. Mwaka 1969, akitambulisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba katika kuzaa binadamu na wanyama ni sawa, ila kulea na kusomesha kwa miaka mingi ni wajibu wa binadamu, hivyo wazazi waangalie uwezo wa kutunza kuliko idadi. Mwaka 1974 serikali ilianzisha huduma za afya ya mama na mtoto nchi nzima, na uzazi wa mpango ukapata mlango wa kuingilia zahanati. Mwaka 1992 ikatoka Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu, na miaka hiyohiyo ikatungikwa alama ya Nyota ya Kijani kwenye vituo vinavyotoa huduma.

Katika juhudi za miaka hiyo ipo moja inayoihusu kanda ya kati kwa namna ya pekee. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mlevi na mzinzi, ambaye maisha yake yaliporomoka huku majirani wakipanga familia zao na kuendelea. Watu waliupenda mno. Watafiti walitaka kujua kama mchezo unabadilisha mwenendo au unachekesha tu, kwa hiyo kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha. Ulirusha vipindi vingine saa hiyo, ili eneo lile lilinganishwe na kwingineko. Matokeo yalionyesha kwamba mahali uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko eneo la Dodoma, na mtambo huo ulipoanza kuurusha, huko nako mabadiliko yakaonekana. Kwa sayansi, ulikuwa utafiti wa thamani kubwa na bado unatajwa duniani. Kwa upande wangu, najiuliza juu ya wasikilizaji wa Dodoma waliokosa kipindi miaka miwili bila kuulizwa. Hata hivyo, jibu lilipatikana: maneno mazuri, yakisemwa kwa lugha ya watu na kwa muda mrefu, yanasogeza watu hadi mlangoni mwa kliniki.

Ila mchezo wa redio hauwezi kuhakikisha kwamba mlango huo uko wazi, na kwamba ndani yake mna sindano.

Takwimu zinaonyesha jambo hilo vizuri. Mwaka 1991/92 wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa asilimia 7. Mwaka 1996 walifika 13, mwaka 1999 wakafika 17, mwaka 2004/05 wakafika 20, mwaka 2010 wakafika 27, na mwaka 2015/16 wakafika 32. Kisha mwaka 2022 tukakuta 31. Baada ya kupanda kwa zaidi ya miaka ishirini, tumesimama. Katika mkutano wa London wa Julai 2012 Tanzania ilikuwa imeahidi kufikisha matumizi asilimia 60 ifikapo 2015.

Kusimama huko kusitafsiriwe kuwa watu wamekataa. Katika utafiti wa 2022, asilimia 21 ya wanawake walioolewa walisema wanataka kuahirisha au kuacha kuzaa na hawatumii njia yoyote. Tena kusimama kwenye asilimia ileile kunahitaji kazi, maana wanawake wanaongezeka. Mkoa wa Singida, ambamo Itigi imo, ulikuwa na watu 1,370,637 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,008,058. Zahanati iliyohudumia wanawake mia mbili sasa inatakiwa kuhudumia karibu mia tatu, mara nyingi kwa muuguzi yuleyule na kabati lilelile.

Sasa tufuate njia zenyewe, maana ndani yake kuna majibu mengi kuliko kwenye hotuba. Huduma ya uzazi wa mpango katika vituo vya serikali ni bure. Kwenye zahanati ya kijijini mama hupata vidonge, kondomu, sindano na, kama muuguzi amefundishwa, kijiti au kitanzi. Kufunga kizazi kunahitaji daktari, kwa hiyo ni jambo la kituo cha afya au hospitali, au la timu inayokuja kwa siku maalumu.

Sindano hupendwa kwa sababu ni ya siri. Haina alama mkononi, haina pakiti ya kufichwa chini ya godoro, mume asiyetaka hajui. Ila inadai kurudi kila baada ya miezi mitatu. Mama wa Itigi anayeishi mbali na zahanati, mwezi Februari wakati wa palizi na barabara zikiwa tope, tarehe yake ikipita, hana mtu wa kumkumbusha. Akija wiki mbili baadaye anaweza kuambiwa arudi siku atakapoingia mwezini, ili ionekane hana mimba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu sindano ya miezi mitatu itolewe hata ikichelewa hadi wiki nne, na lipo dodoso fupi la maswali sita ambalo muuguzi akilitumia anaweza kujua kwa uhakika wa kutosha kwamba mama si mjamzito, bila kusubiri hedhi. Mama anayerudishwa nyumbani bila sindano, akiwa ametembea saa tatu, mara nyingi harudi tena mpaka siku ya kuja kupima ujauzito. Kosa hilo la dakika tano haliingii kwenye taarifa yoyote. Kwenye daftari ameandikwa kuwa alifikiwa.

Sindano hiyohiyo ina jambo lingine ambalo watoa elimu hulisema haraka. Baada ya kuiacha, uzazi haurudi kwa siku mbili tatu. Kwa wastani huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba. Ni jambo la kawaida na uzazi hurudi. Lakini binti aliyeolewa akaanza na sindano ili kujipanga, kisha akataka mtoto na miezi minane ikapita tupu, anakuwa tayari ni habari ya kijiji: sindano zimemuua kizazi. Ukimwambia mama mkwe wake kwamba huo ni uvumi wa watu wasiosoma, umepoteza. Ameona kwa macho yake. Uvumi mwingi kuhusu uzazi wa mpango una chembe ya kweli ndani yake, na njia pekee ya kuushinda ni kuisema ile chembe mapema, kabla sindano haijaingia mkononi. Vivyo hivyo kwa hedhi. Njia za homoni huweza kuleta matone ya damu kwa wiki kadhaa au kukatisha siku kabisa. Asiyeambiwa, siku zikikatika, huamini damu inakusanyika tumboni. Aliyeambiwa na kueleweshwa kwamba damu haikusanyiki, ila ukuta wa mji wa mimba haujengeki kama zamani, huvumilia au hubadili njia badala ya kuacha.

Kijiti kilikuja kuondoa tatizo la tarehe. Huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, na kulingana na aina hukaa miaka mitatu au mitano, na hakina siku ya kusahau. Mwanzoni mwa 2013 makubaliano ya wafadhili na watengenezaji yalishusha bei yake kimataifa kwa karibu nusu, hadi dola 8.50, na tangu hapo kimesambaa sana. Leo ndicho njia inayotumika zaidi nchini. Katika maeneo kama haya vijiti vingi huwekwa na timu za mkoba za mashirika kama Marie Stopes, zinazokuja na gari, zinahudumia wanawake wengi kwa siku moja, kisha zinaondoka.

Kazi yao ni njema na wapo wanawake walio hai kwa sababu yake. Swali langu ni la siku inayofuata. Mama aliyewekewa kijiti akipata damu isiyokatika mwezi wa pili, anakwenda wapi? Muuguzi wa zahanati yake huenda hakufundishwa kukitoa, au amefundishwa lakini hana vifaa, au anamwambia avumilie maana muda haujaisha. Mwanamke anayezungushwa kutolewa kijiti hugeuka mhubiri wa kukipinga, na ana haki. Nimeshasikia ushauri mwingi wa jinsi ya kuongeza wanaowekewa. Ningependa kila mpango upimwe pia kwa urahisi wa kutolewa. Mtu huthubutu kujaribu kitu anachojua anaweza kukiacha.

Basi tunarudi kwenye jiografia. Rungwa na makao makuu ya Itigi yameachana kwa zaidi ya kilomita mia moja, na barabara ya kutoka Mkiwa kupitia Itigi na Rungwa hadi Makongolosi ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Ndani ya vichaka na misitu wamo wakulima na wafugaji, Wakimbu, Wagogo, Wanyaturu, Wataturu na Wasukuma waliofuata malisho, na baadhi ya familia huhama kwa msimu. Timu ya mkoba huenda kwenye kijiji kinachofikika. Zahanati hujengwa penye watu wengi. Anayeishi kambi ya ng'ombe si mkaidi. Ratiba ya huduma haikumfikiria.

Halafu lipo suala ambalo Itigi haiwezi kulikwepa, na ambalo nimeona likizungukwa kwa adabu. Hospitali kubwa ya eneo hili ni ya Kanisa Katoliki, chini ya Wamisionari wa Damu Azizi. Imeokoa akina mama na watoto wasiohesabika, na bila hiyo kanda hii ingekuwa na makaburi mengi zaidi ya wazazi. Kanisa Katoliki, tangu waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, linafundisha kwamba njia za kisasa za kuzuia mimba hazikubaliki, na vituo vyake hufundisha njia za asili: kuchunguza ute, joto la mwili, na siku za mzunguko. Njia hizo si mzaha. Wenzi wanaoelewana, wenye mwalimu mzuri na wanaoandika kila siku, wanaweza kuziishi vizuri, na mama anayenyonyesha mfululizo bila kumpa mtoto kingine, ambaye hedhi haijarudi, amekingwa vyema kwa miezi sita. Ila zinahitaji mume anayekubali neno hapana kwa siku kadhaa kila mwezi. Mke asiye na sauti kitandani hazimsaidii.

Sioni faida ya kulilazimisha Kanisa liache imani yake, wala sioni haki ya mwananchi asiye Mkatoliki, au Mkatoliki aliyeamua vingine, kukosa huduma kwa sababu hospitali iliyo karibu ni ya misheni. Rwanda walikabiliwa na hali hii kwa ukubwa zaidi, maana sehemu kubwa ya vituo vyao vya afya ni vya makanisa. Hawakugombana. Serikali ilijenga vituo vidogo jirani na vile vya Kikatoliki, vyenye kazi ya kutoa njia za kisasa, na wahudumu wa afya wa vijijini wakafundishwa kutoa vidonge na sindano majumbani. Mwaka 2019/20 matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa wa Rwanda yalikuwa asilimia 58. Kenya mwaka 2022 ilifika 57. Nchi zote mbili zina Wakatoliki wengi. Itigi inaweza kufanya kama Rwanda kwa gharama ndogo: chumba kimoja cha serikali, kilicho karibu na watu, chenye muuguzi aliyefundishwa njia zote, na makubaliano ya wazi kwamba mama aliyejifungua misheni akitaka kitu kingine anaelekezwa huko bila kusutwa.

Wasichana ni sura yenye maumivu zaidi. Tangu shule za kata zienee, watoto wa vijiji vya mbali wanapanga vyumba karibu na shule, wanaita geto, wakijipikia na kujilinda wenyewe wakiwa na miaka kumi na minne. Wengine wanatembea kilomita nyingi alfajiri na jioni. Mwenye bodaboda anatoa lifti, anatoa chipsi, anatoa fedha ya pedi, na hatimaye anadai. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Ni adhabu kali, lakini kesi nyingi humalizwa nyumbani kwa ng'ombe au kwa fedha, na shahidi mkuu, ambaye ni binti mwenyewe, hugoma kusema. Tena mimba imeshaingia. Adhabu ya mwanamume haimrudishii msichana mwaka wake wa masomo.

Kwa muda mrefu na sisi tulimwadhibu. Kanuni zilitumika kumfukuza shule, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliruhusu warudi. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini ruhusa ya kurudi darasani haimlei mtoto, na katika nyumba nyingi bibi hana nguvu wala chakula cha kuongeza. Upande wa ndoa, Mahakama Kuu mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa kibali cha mahakama, ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Miaka ikapita Bunge likiwa halijarekebisha sheria.

Na huyo binti akiwahi kabla ya mimba, akaenda zahanati, hupokewaje? Miongozo ya wizara inasema kila aliye katika umri wa kuzaa, pamoja na vijana, aliyeolewa au la, ana haki ya elimu na huduma. Kwenye benchi la kliniki, mbele ya mama zake wadogo na mke wa mchungaji, anaulizwa: wewe wa nani, umeolewa, umezaa wangapi? Anaondoka. Anakwenda duka la dawa, ananunua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, bila kuulizwa jina. P2 ni msaada wa kweli: ikimezwa ndani ya saa 72 huchelewesha yai kutoka, wala haitoi mimba iliyokwisha tungwa. Lakini wasichana wameigeuza kuwa njia ya kila wiki, kazi ambayo haikutengenezewa, kwa sababu ndicho kitu pekee walichouziwa bila kuhojiwa. Muuza duka aliyefundishwa angeweza kumwelekeza kwenye njia iliyo imara zaidi. Ningeona ni jambo la busara kila duka la dawa muhimu la Itigi lihesabiwe kuwa sehemu ya huduma ya vijana, kwa sababu tayari ndilo wanalolitumia.

Kuhusu wanaume nitasema kwa kifupi. Kigoma, mwisho wa reli hiihii, wapo wanaume waliokubali kufungwa mirija, na watafiti waliowahoji walikuta sababu kubwa ni ugumu wa maisha na huruma kwa mke. Mwanamume wa Kitanzania anaweza kushawishika. Mara nyingi haitwi. Kliniki inaitwa ya mama na mtoto, na mabenchi yake yamekaa hivyo.

Kuna kitu cha mwisho, na hapa hatuwezi kumlaumu muuguzi wala mama mkwe. Huduma hii imekuwa ikipewa uhai na kunyimwa uhai kutoka juu. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais Magufuli aliwaita wanaotumia uzazi wa mpango wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Mwezi huohuo wizara ikaagiza matangazo ya uzazi wa mpango yaliyofadhiliwa na Marekani yasimame redioni na kwenye televisheni. Kauli ya kiongozi hufika mahali ambapo gari la mkoba halifiki. Januari 2025 upepo ukavuma kutoka upande mwingine: serikali ya Donald Trump ilisimamisha misaada ya nje, na katikati ya mwaka huo shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango vyenye thamani ya dola milioni 9.7 ilikuwa imezuiliwa ghalani Geel, Ubelgiji. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango lilisema Tanzania ndiyo iliyokuwa ipokee sehemu kubwa kuliko nchi nyingine: sindano zaidi ya milioni moja na vijiti 365,100, sawa na asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka.

Tumeijenga huduma inayogusa kila nyumba juu ya ghala la mtu mwingine. Mama wa Mitundu au Mwamagembe hakupiga kura Marekani, na bado uamuzi wa huko unaweza kumfikia kwa sura ya kabati tupu na maneno ya muuguzi: zimeisha, jaribu mwezi ujao. Kwa njia inayodai tarehe, mwezi ujao ni mbali sana.

Ndiyo maana nadhani kipimo chetu kimekosewa tangu zamani. Tumehesabu waliofikiwa, waliosikia, waliowekewa. Mimba isiyotarajiwa hutokea baada ya hapo: siku dawa ilipokwisha, siku muuguzi alipokuwa semina, siku binti aliposutwa, siku mama alipoambiwa arudi akiingia mwezini. Kituo kimoja kidogo ambacho hakikukosa njia hata siku moja kwa mwaka mzima, na ambacho kinatoa kijiti siku ileile mama anapoomba kitolewe, kitazuia mimba nyingi kuliko kampeni yenye fulana na muziki.

Kila mwaka halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya, na madiwani hukaa kuupitisha. Nawaomba madiwani wa Itigi wadai mambo mawili kabla ya kuinua mikono: orodha ya zahanati zote ikionyesha kila moja ilikosa njia gani kwa siku ngapi katika mwaka uliopita, na fungu la fedha za halmashauri yenyewe, hata likiwa dogo, la kununua sindano na vijiti vya akiba pale Bohari ya Dawa inapochelewa. Wananchi nao wana haki ya kuisoma orodha hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata.